Historia ya Mapigo: Kutoka Waya wa Shaba Mpaka Uzi wa Kioo

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio. Limepigwa chapa ili lisomwe tena darasani polepole.

   Kaeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu yake.

Somo la leo limetokana na swali lililotoka katika darasa la Shishiyu, mkoa wa Simiyu. Mwanafunzi mmoja, ambaye ni mama mkulima wa pamba, anasema hivi. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, alikuwa akizungumza na mwanawe aliye mbali kwa simu ya video. Mara picha ikaganda, sauti ikakatika, na hakumwona tena mwanawe siku ile. Kesho yake akaambiwa kuwa waya umekatika baharini. Basi anauliza: “Sisi huku ni watu wa pamba na ng’ombe. Bahari hatuioni. Waya wa baharini unatuhusu nini? Na ndani ya waya huo mnapita nini hasa?”

Swali hili ni zuri sana, nasi tutalijibu kwa njia ya historia, kwa kuwa jambo hili halikuanza juzi. Lilianza zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Sikilizeni kwanza jibu fupi. Ndani ya waya ule mnapita mapigo. Zamani yalikuwa mapigo ya umeme katika waya wa shaba. Leo ni mapigo ya mwanga katika uzi wa kioo. Na tangu zamani hata leo, shida ya mapigo ni moja: yanapokwenda mbali, hutanuka na kuchanganyika. Historia yote tutakayoisikia leo ni historia ya watu waliotafuta njia ya kuyazuia mapigo yasichanganyike.

Tufanye jaribio

Kabla ya kuendelea, mwalimu wa darasa amwombe mtu mmoja achukue debe tupu, aende nalo mbali kidogo, penye majabali makubwa ikiwezekana. Apige debe polepole: pigo, kimya, pigo, kimya. Ninyi mlio huku hesabuni mapigo. Kisha apige upesi upesi kadiri awezavyo. Hesabuni tena.

(Hapa redio ilinyamaza kwa dakika tatu.)

Mmeona? Alipopiga polepole mlihesabu bila taabu. Alipopiga upesi, sauti iliyorudi kutoka kwenye majabali ilimkuta mwenzake njiani, mkasikia mngurumo tu. Mpigaji hakukosea, wala masikio yenu hayana kasoro. Mapigo yamekosa nafasi kati yao.

Jambo hili mnalijua pia katika kisomo. Mtu anayeanza kuandika mara nyingi husahau kuacha nafasi kati ya maneno. Huandika “mamaanakujakesho.” Herufi zote zipo, wala hazina kosa, lakini msomaji hupata taabu. Nafasi nayo ni sehemu ya maandishi.

Waya wa mwaka 1858

Twendeni sasa mbali kidogo, katika bahari ya Atlantiki, maana huko shida hii ilionekana wazi. Mwezi wa Agosti 1858, meli zilimaliza kulaza waya wa shaba chini ya bahari, kutoka kisiwa cha Valentia huko Ireland mpaka Newfoundland, upande wa Amerika. Urefu wake ulizidi kilomita 3,000. Tarehe 16 Agosti Malkia Victoria wa Uingereza alimpelekea rais wa Marekani salamu zenye maneno 98. Je, salamu hizo zilichukua muda gani kupita? Zilichukua saa 16!

Kwa nini ziende polepole hivyo, na umeme ni mwepesi? Waya mrefu uliolala ndani ya maji ya chumvi ni kama mtungi. Mtungi huchukua muda kujaa, na huchukua muda kumwagika. Fundi alipotia pigo la umeme upande huu, waya ulijaa taratibu. Pigo lilitoka upande wa pili likiwa limetanuka, lina mkia mrefu. Kama fundi alitia pigo la pili mapema, lilikuta mkia wa la kwanza haujaisha, na msomaji akachanganyikiwa.

Hapo watu wawili walihitilafiana. Wa kwanza alikuwa Wildman Whitehouse, daktari mpasuaji aliyegeuka kuwa fundi wa umeme. Yeye aliona kuwa dawa ni nguvu, basi akatia umeme mkali unaokadiriwa kuwa volti 2,000. Wa pili alikuwa William Thomson, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow. Huyu alikuwa amekwisha kupiga hesabu tangu miaka ya 1850 na kuonyesha kwamba waya ukiwa mrefu mara 2, ucheleweshaji huwa mara 4. Kwa hiyo alitaka pigo dogo, na upande wa pili chombo chepesi cha kulisoma. Chombo chake kilikuwa na kioo kidogo cha kujitazamia kilichoning’inizwa. Umeme mdogo ulipokigeuza kioo, doa la mwanga lilisogea ukutani, na msomaji akaandika.

Nini kilitokea? Waya ule, ambao tayari ulikuwa na kasoro, haukustahimili umeme wa Whitehouse. Baada ya wiki kama tatu ukafa, na fedha nyingi zikazama nao. Waya mwingine ulifaulu mwaka 1866, ukifuata fikira za Thomson, nao ulipitisha maneno kama 8 kwa dakika. Katika miaka ya 1870 Thomson na mwenzake Fleeming Jenkin walitengeneza mashine iliyotia pigo, kisha mara hiyo hiyo ikatia pigo dogo la kinyume, ili kuufuta mkia wa lile la kwanza. Hivyo walilichonga pigo lenyewe, kama seremala achongavyo mbao ili ikae vema na mwenzake.

Waya unafika Unguja

Sasa turudi kwetu. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza mahali paitwapo Isandlwana, Afrika ya Kusini. Habari hiyo ilifika London tarehe 11 Februari, yaani baada ya siku 20, kwa kuwa hakukuwa na waya wa kuifikisha moja kwa moja. Wakuu wa Uingereza wakashtuka. Mwaka ule ule waya wa baharini ukalazwa haraka kupita pwani yetu: kutoka Aden hadi Unguja, Msumbiji na Durban. Mwezi wa Desemba 1879, wakati wa Sultani Barghash bin Said, Unguja ikawa imeungwa na dunia kwa waya wa shaba.

Je, waya huo ulimfaidia nani? Sikilizeni kisa kimoja. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki. Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ya idhini ya Waingereza. Mwakilishi wa Uingereza, Basil Cave, akapeleka simu London kuuliza kama anaruhusiwa kulipiga jumba kwa mizinga ya manowari. Jibu likarudi kwa waya kwamba anaruhusiwa. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti mizinga ikalia. Vita vikaisha kabla ya saa moja kupita, na watu mamia waliuawa au kujeruhiwa.

Ndugu wanafunzi, angalieni hapo. Waya haukuchagua upande. Ulibeba mapigo tu. Lakini mwenye waya ndiye aliyeuliza na kujibiwa. Kwa hiyo habari za mapigo si za mafundi peke yao.

Hesabu ya Nyquist

Miaka ikapita. Simu za maandishi zikawa nyingi, na kila mtu akataka zipite upesi. Mwaka 1928 mhandisi mmoja aliyezaliwa Sweden na kufanya kazi Marekani, Harry Nyquist, aliandika hesabu ya jambo hili. Alionyesha kuwa si lazima pigo liishe kabisa ndipo la pili lianze. Mapigo yaweza kupandana, mradi kila moja lichongwe kwa umbo maalumu.

Umbo hilo ni kama kilima cha mviringo, chenye mawimbi madogo pande zote mbili. Mawimbi hayo hupanda na kushuka, nayo hupita katika sifuri kila baada ya muda ule ule. Basi msomaji husoma kila pigo katika nukta yake. Katika nukta hiyo mikia ya majirani wote ni sifuri. Wapo, lakini hawasemi neno. Ni kama watu wengi waliokaa baraza moja kwa adabu: wote wamo ndani, lakini mwenzao anapopewa zamu ya kusema, wao hunyamaza.

Uzi wa kioo

Sasa tuuache umeme, tuingie katika mwanga. Watu walijua zamani kuwa mwanga hupita ndani ya kioo. Shida ilikuwa kwamba kioo kilikuwa na uchafu. Kioo kizuri cha miaka ya 1960 kilipotezwa mwanga kiasi hiki: baada ya mita 20 tu, palibaki sehemu 1 kati ya 100.

Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyefanya kazi Harlow, Uingereza, pamoja na mwenzake George Hockham, waliandika kuwa kosa si la kioo chenyewe. Kosa ni la uchafu uliomo, na kioo kikisafishwa mwanga utakwenda mbali. Mwaka 1970 wataalamu watatu wa kampuni ya Corning, Marekani, walifaulu kutengeneza uzi ambao baada ya kilomita nzima ulibakiza zaidi ya sehemu 1 kati ya 100. Uzi wa siku hizi hubakiza sehemu hiyo hata baada ya kilomita 100. Hebu andikeni hesabu hii katika daftari: mita 20, kisha kilomita 1, kisha kilomita 100.

Uzi wenyewe ni mwembamba, unakaribia unywele wa kichwani. Mwanga wake hutoka katika taa ndogo iitwayo leza, na hauonekani kwa macho. Huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde ndani ya kioo. Njia ya kilomita 1,000 huichukua sehemu 5 tu kati ya 1,000 za sekunde.

Ng’ombe wa nyumba mbili

Lakini je, shida ya mwaka 1858 ilikwisha? Haikwisha. Ilibadili nguo tu.

Fikirini ng’ombe wa nyumba mbili wanakwenda kunywa maji lamboni. Kundi la kwanza linatoka, linaachwa nafasi, kisha linatoka la pili. Mwanzoni makundi yako mbalimbali. Lakini katika kila kundi wamo madume wepesi na majike wazee wazito. Wakisha kwenda mbali, wepesi wa kundi la pili wanawafikia wazito wa kundi la kwanza. Lamboni wamechanganyika.

Pigo la mwanga ni kama kundi hilo. Ndani yake mna rangi nyingi za mwanga, na katika kioo kila rangi ina mwendo wake. Pigo linapokwenda mbali, rangi nyepesi hutangulia na nzito hubaki nyuma, na pigo linatanuka. Siku hizi leza moja huweza kutoa mapigo bilioni 30 kwa sekunde. Pigo moja likiwa ndani ya kioo halizidi upana wa punje ya mahindi. Katika uzi wa kawaida, baada ya kilomita 80 tu, pigo hilo laweza kutanuka hata kuwafunika majirani kama 10.

Wahandisi walifanya mambo matatu.

Kwanza, walichonga umbo la pigo. Pigo lenye kona kali, kama tofali, hudai rangi nyingi ndani yake. Pigo lililozungushwa kama kilima, kwa hesabu ya Nyquist, hudai rangi chache zaidi. Kundi lenye ng’ombe wa mwendo mmoja halitawanyiki sana. Tena, kila leza ikitumia rangi chache, leza nyingi huweza kutumia uzi mmoja, kila moja katika njia yake, bila kuingilia njia ya jirani.

Pili, walimfundisha msomaji. Mchungaji mzee huujua mwendo wa kila ng’ombe. Hata wakifika wamechanganyika, hukadiria yupi alitoka lini. Tangu kama mwaka 2008, kompyuta ndogo zilizomo katika mitambo ya kupokea mwanga zilianza kufanya kazi hiyo. Huipima kila rangi, hujua ilichelewa kiasi gani njiani, na huyarudisha mapigo katika safu yake.

Tatu, walijizuia kutumia nguvu nyingi mno. Mwanga ukizidi ukali, kioo chenyewe hubadili tabia na kuliharibu umbo la pigo. Kosa la daktari Whitehouse lingeweza kurudiwa leo kwa mwanga. Kwa hiyo mwanga hutiwa kwa kiasi, nao hukuzwa kidogo kidogo njiani kwa mitambo iliyowekwa kila baada ya makumi ya kilomita.

Faida yake ni kubwa. Waya uliokwisha kuzamishwa huweza kuongezewa uwezo bila kuufukua. Hubadilishwa mitambo ya miisho miwili tu, iliyo nchi kavu, na uzi ule ule ukabeba mengi zaidi.

Uzi wa kioo unafika kwetu

Uzi wa kwanza wa kioo ulivuka Atlantiki mwaka 1988. Sisi wa Kenya, Tanzania na Uganda tulingoja miaka zaidi ya 20. Wakati huo wote maneno yetu mengi ya kwenda ng’ambo yalipanda angani kama kilomita 36,000 mpaka kwenye setilaiti, kisha yakashuka. Bei ilikuwa kubwa na njia ilikuwa nyembamba.

Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika, pamoja na ule wa TEAMS uliofika Mombasa. Mwaka ule ule Charles Kao alipewa tuzo ya Nobel. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, wenye urefu wa kama kilomita 10,000 kutoka Afrika ya Kusini hadi Sudan. Waya huu ni mali ya makampuni mengi ya simu, mengi yakiwa ya Afrika. Hapo pana tofauti kubwa na waya wa mwaka 1879. Na nchi kavu, tangu mwaka 2009, serikali ya Tanzania ilianza kulaza Mkongo wa Taifa, yaani uzi wa kioo wa kuunganisha mikoa.

Sasa tumjibu mama wa Shishiyu. Simu yako hupeleka mawimbi ya redio mpaka kwenye mnara. Kutoka mnara mpaka mnara, na kisha katika mkongo, maneno yako hufika Dar es Salaam. Kama mwanao yuko ng’ambo, huingia baharini. Siku ile ya 12 Mei 2024 waya wa EASSy na wa SEACOM zilikatika zote mbili, upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Tanzania ilikuwa moja ya nchi zilizoumia zaidi. Mapigo yaliyokuwa yakipita njia mbili yakasongamana katika njia nyembamba zilizobaki. Simu ya video hudai mapigo mengi mno, kwa hiyo ndiyo iliyotangulia kufa. Ikabidi meli ya matengenezo ipelekwe baharini kuunga waya.

Kwa hiyo, mama, waya huo unakuhusu. Uko mbali na macho yako, lakini sura ya mwanao ilikuwa ikipita humo.

Tena kuna fundisho. Mapigo yaliyochongwa vizuri huufanya waya mmoja ubebe kazi ya waya nyingi. Hilo ni jema, maana hupunguza gharama. Lakini ndiyo maana waya huo mmoja ukikatika, hasara nayo ni kubwa. Nchi yenye hekima huchonga mapigo yake vizuri, na pia hutafuta njia ya pili na ya tatu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tujue hesabu ya njia zetu: ni ngapi, zinapita wapi, na ni za nani.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini salamu za maneno 98 zilichukua saa 16 mwaka 1858?

2. Whitehouse na Thomson walihitilafiana juu ya nini? Nani alikuwa na haki, na kwa nini?

3. Elezeni kwa mfano wa ng’ombe jinsi pigo la mwanga linavyotanuka.

4. Mwaka 1896 waya wa Unguja ulimsaidia nani? Je, waya za leo ni za nani?

5. Kila mwanafunzi aandike sentensi mbili, huku akiacha nafasi nzuri kati ya maneno: alikuwa akifanya nini siku mtandao ulipokatika, na alikosa nini?

Maneno ya kukumbuka: pigo, mkia wa pigo, nafasi, uzi wa kioo, leza, mkongo.

Ndugu wanafunzi, tumefika mwisho wa somo. Leteni maswali mengine, maana somo hili limezaliwa na swali. Kwaherini.